Dhahabu Itaisha, Mwakitolyo Itabaki

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wazawa, wakazi na marafiki wa Mwakitolyo



Kamati imenipa dakika ishirini na neno moja la kuzungumzia, nalo ni kujitolea. Najua tulivyozoea. Neno hilo likitamkwa kwenye mkutano kama huu, kila mtu anagusa mfuko wake na kuanza kuhesabu kichwani. Michango ipo na nitaifikia mwishoni, msiwe na wasiwasi. Lakini naomba tuanze na mikono, macho na ujuzi tulionao, maana huko ndiko tulikopungukiwa zaidi.

Tunakozungumzia

Kwa wageni ambao hawajafika kwetu, Mwakitolyo ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, na Solwa na Salawe ni jirani zetu. Mzee ukimuuliza kwetu ni wapi, atakwambia ni nchi ya pamba, mahindi, mtama, mpunga wa mabondeni na ng'ombe. Kijana ukimuuliza, atakwambia neno moja tu: dhahabu. Wote wawili wanasema kweli.

Tumekaa juu ya ukanda uleule wa miamba uliowapa watu Geita, Bulyanhulu na Buzwagi. Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Huo wa Buzwagi, pale Kahama, umekwisha kufikia mwisho wake. Uzalishaji ulikoma mwaka 2021 na kazi ya kuufunga ikaanza. Miaka kumi na miwili tu! Mtoto aliyezaliwa mgodi ukifunguliwa alikuwa bado hajamaliza shule ya msingi mgodi ulipofungwa.

Kwa mgodi mkubwa, sheria inadai mpango wa kufunga: mashimo yatafanywa nini, mitambo itakwenda wapi, maji yatapimwa na nani. Mchimbaji mdogo naye, kwa kanuni za mwaka 2010, anatakiwa awe na mpango wa kutunza mazingira katika eneo la leseni yake. Lakini tuseme ukweli kati yetu. Rashi ikiisha huku na kuibuka kule, mabati yanang'olewa usiku mmoja, makarasha yanapakiwa kwenye lori, mama lishe anafunga sufuria zake, na wiki inayofuata panabaki upepo. Watu huhama na mabanda huhama, lakini duara haliendi popote. Linabaki hapo na mdomo wazi, likisubiri mvua, ng'ombe au mtoto.

Ndiyo maana nimesema dhahabu itaisha. Sisemi hivyo kwa kuwatakia wachimbaji wetu mabaya. Wengi wao ni wadogo zetu na watoto wetu, na bila wao nyumba nyingi zisingekuwa na bati. Nasema hivyo kwa sababu jiwe halizai jiwe jingine. Swali la mkutano huu ni nini kitakachobaki pale kwetu siku kiroba cha mwisho kitakapopanda kwenye pikipiki.

Kinachoondoka na kinachobaki

Tuangalie hesabu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ikaongezwa. Fedha hizo zinakwenda serikali kuu. Halmashauri ina ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Yaani dhahabu ya shilingi milioni 100 ikiuzwa, kwa kiwango hicho ushuru ulikuwa shilingi laki tatu. Mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwezi Machi mwaka huohuo soko la madini la Geita likafunguliwa. Zilikuwa hatua nzuri, maana mchimbaji alipata mahali pa kupima na kuuza mchana kweupe.

Lakini kuna vitu visivyopita sokoni. Cha kwanza ni vumbi. Jiwe la dhahabu lina chembe ngumu ambazo karasha ikisaga zinakuwa nyepesi kuliko unga wa muhogo. Anayezivuta haoni kitu mwaka wa kwanza wala wa pili. Zinakaa mapafuni, zinaacha makovu, na makovu hayo hayana dawa ya kuyafuta. Pafu lenye makovu hayo ndilo kifua kikuu hulipenda. Mnawajua vijana waliorudi nyumbani wakikohoa, tukasema amelogwa, au tukasema ni ugonjwa mwingine na kumkwepa. Kumbe wapo ambao wangepimwa makohozi na kuanza dawa mapema, tena bure, kwa sababu dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali hazilipiwi.

Cha pili ni zebaki. Inakusanya dhahabu kwenye tope, kisha inachomwa ili dhahabu ibaki. Moshi ule hauonekani vizuri na haunuki, lakini unaingia mwilini na kuharibu mishipa ya fahamu na figo, na kwa mama mjamzito unamfikia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki umepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake waliathirika kwa kula samaki wenye sumu hiyo. Ulipitishwa mwaka 2013 na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Mkataba uko kwenye makabati ya ofisi. Kwetu bado kuna anayechomea kwenye kikaango nyuma ya jiko, watoto wakiwa hatua tano kutoka hapo.

Cha tatu ni daftari la shule lisilokuwa na mwenyewe. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu Chunya, Geita na Kahama. Yaliyoandikwa humo hayakuwa mageni kwa mtu wa kwetu: mtoto anayebeba mawe, anayeosha tope, anayeshika zebaki kwa vidole. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza. Na tangu Januari 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne. Lakini mtoto anayeona elfu tano ya leo mwaloni anahitaji mtu mzima wa kumwonyesha ya kesho.

Tulijitolea kabla hatujafundishwa neno hili

Ndugu Mwenyekiti, wapo wanaodhani kujitolea ni jambo lililokuja na wageni wenye fulana za rangi moja. Wazee hapa wanajua kwamba sivyo. Nani alilimiwa shamba lake na kundi la vijana, ngoma ikipigwa, akawapa chakula na pombe tu? Nani alijengewa boma na majirani? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, nani alianzisha Sungusungu huku kwetu Usukumani na Unyamwezini? Baadaye yalitokea mambo ya kusahihishwa, hilo linajulikana. Lakini jambo lenyewe lilianzishwa na watu wasiolipwa, waliokesha zamu kwa zamu.

Mfano ulio mkubwa kuliko wote ni ngitili. Miti ya Shinyanga ilikatwa kwa miaka mingi. Ilikatwa kufukuza mbung'o, ikakatwa kupisha pamba, ikakatwa kwa kuni. Ilifika mahali watu waliona mkoa unageuka jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule tulioujua kwa jina la HASHI. Mwanzoni wataalamu walikuja na vitalu na miche ya kigeni, na matokeo hayakuwa mazuri. Kazi ilibadilika walipoanza kuwauliza wenyeji. Wenyeji wakajibu kwamba sisi tuna ngitili, yaani eneo tunalolifunga wakati wa masika ili majani yabaki kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Ukilifunga, visiki vilivyo ardhini vinaamka vyenyewe.

Mpango ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Miaka isiyofika ishirini baadaye zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Nani alizilinda? Sehemu kubwa ilikuwa kazi ya watu wasio na mshahara. Baraza letu la jadi, dagashida, lilikaa na kuweka kanuni: nani afunge wapi, nani atozwe faini akiingiza mifugo, lini pafunguliwe. Serikali ilileta utaalamu na msukumo, wananchi wakaleta kanuni na ulinzi.

Mfano wa pili ni wa pamba. Wakati wa ukoloni, mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi na mizani ilikuwa mikononi mwa mnunuzi. Wakulima wa kanda hii wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kusimamia vipimo. Kutokana na umoja wa namna hiyo, na kazi ya watu kama Paul Bomani, mwaka 1955 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, kilichokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mwanzo wake ulikuwa mtu anayejua kusoma mizani, aliyekubali kusimama juani kwa niaba ya jirani asiyejua. Wangapi kati yetu hapa wanajua kusoma mizani ya leo, yaani mkataba, leseni, stakabadhi na taarifa ya mapato?

Wenzetu wa makaa ya mawe

Tutoke nje kidogo, maana vijiji vya wachimbaji vinafanana popote duniani.

Tredegar ni mji wa makaa ya mawe kusini mwa Wales, Uingereza. Wachimbaji wake walikuwa na chama cha kusaidiana matibabu, na kila mwanachama alikatwa peni tatu katika kila pauni ya mshahara wake. Kwa fedha hizo waliajiri madaktari na kuendesha huduma kwa ajili ya familia zao. Aneurin Bevan alizaliwa hapo mwaka 1897, akaingia mgodini akiwa kijana mdogo, baadaye akawa waziri wa afya. Tarehe 5 Julai 1948 nchi nzima ya Uingereza ikaanza kupata huduma ya afya ya taifa, na mwenyewe alijifunza mengi kwa wachimbaji wa mji wake. Wale watu hawakungoja mtu tajiri. Waliweka kidogo kidogo, kila wiki, kwa kanuni moja iliyomhusu kila mmoja.

Wa pili ni mfano wa onyo. Mwaka 1964 vijana wa vyuo vya Kentucky, Marekani, walikwenda kujitolea katika vijiji vya milimani vilivyoishi kwa makaa ya mawe. Migodi ilikuwa imepunguza watu na umaskini ulikuwa mkubwa. Vijana wale walianza kwa kukarabati na kupaka rangi shule za chumba kimoja. Kazi ilionekana na picha zikapigwa. Lakini waliokaa muda mrefu zaidi wakagundua kwamba rangi haikugusa shida yenyewe. Shida ilikuwa ardhi. Zamani mababu wa wanakijiji walikuwa wameuza haki ya madini yaliyo chini ya mashamba yao kwa hati ambazo wengi hawakuzielewa, na sasa kampuni zilikuja na matingatinga kuchimba juu ya mashamba hayo. Wenyeji walipigania jambo hilo kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1988 wapiga kura wa Kentucky walipobadilisha katiba ya jimbo lao, ili mwenye madini asichimbue juu ya shamba bila ridhaa ya mwenye shamba, isipokuwa hati yenyewe iwe imesema wazi.

Mnaona somo. Aliyekuja na ndoo ya rangi hakufanya vibaya. Lakini aliyekaa, akasikiliza, akasoma hati pamoja na wenyeji, ndiye aliyesaidia zaidi.

Swali la ndugu yangu mmoja

Nilipokuwa naandaa maneno haya, mwanachama mmoja aliniuliza swali ambalo naamini wengi mnalo moyoni. Alisema: "Kwa nini mimi nitumie likizo yangu bure mahali ambapo mwenye leseni anachuma mamilioni? Kwa nini asifukie yeye?"

Ni swali la haki, na jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, wajibu wa mwenye leseni hauondolewi na kujitolea kwetu. Sheria ya Madini, baada ya mabadiliko ya mwaka 2017, inamtaka mwenye haki ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Tukienda kufukia duara la mtu ambaye leseni yake bado hai, tutakuwa tumempunguzia gharama yeye, si kuisaidia Mwakitolyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye kujitolea ni kujua duara lipi ni la nani. Lenye mwenyewe, tumpelekee barua kupitia serikali ya kijiji na Tume ya Madini. Lisilo na mwenyewe, hilo ni letu.

Pili, yapo mambo ambayo hakuna leseni itakayoyalipa. Hakuna mwenye karasha atakayemfundisha mtoto hesabu jioni. Hakuna mnunuzi wa dhahabu atakayekaa na kikundi cha kina mama mpaka katiba yao iandikwe. Hayo yakisubiri mwenye fedha, yatasubiri sana.

Masharti manne

Kwa kuwa tunataka kuanza mpango wa wanachama kujitolea, napendekeza masharti manne.

La kwanza: uliza kabla hujabeba. Hakuna kazi itakayofanyika ambayo haikutoka kwenye mkutano wa kijiji. Kama wenyeji wa HASHI wasingeulizwa, hadi leo tungekuwa tunahesabu miche iliyokauka.

La pili: usinyang'anye fundi riziki. Kama kazi ni kujenga ukuta, mafundi wapo pale pale na wana watoto. Walipwe. Mwanachama anayetoka mjini asiende kuchanganya zege apate picha, huku fundi amekaa chini ya mwembe. Wewe leta kile ambacho hakipo pale.

La tatu: ahidi muda na uutimize. Afadhali mtu aseme nitakuja siku tatu kila Juni kwa miaka mitano, kuliko aseme nitakaa mwaka mzima na asionekane. Mtoto aliyezoeshwa mwalimu wa likizo kisha akakatiwa anaumia kuliko asiyepata kabisa.

La nne: acha ujuzi mikononi mwa mtu. Kila anayejitolea awe na mwenzake mkazi, mtu mmoja au wawili, atakaowaachia kazi. Kama kazi inakufa ukipanda basi, hukujitolea, ulitembea.

Kazi za mwaka huu

Kamati imeleta mapendekezo, na yamo humu kwenye kijitabu. Nitaja manne ninayoyaunga mkono.

Maduara yaliyoachwa. Tunahitaji watu wanaojua kupima na kuchora ramani, washirikiane na wachimbaji wazoefu, waandike kila shimo: liko wapi, ni la nani, lina kina gani, liko umbali gani na njia ya watoto. Naomba wachimbaji wenyewe wawe ndio viongozi wa kazi hii, maana hakuna mwalimu wa chuo anayejua udongo wa pale kuliko aliyeupigilia matimba. Asiteremke mtu yeyote ndani ya shimo. Kazi yetu ni kuorodhesha, kuzungushia uzio wa miiba na kuweka alama, huku kufukia kukipangwa na wahusika. Mnakumbuka Nyangalata, kule Kahama. Mgodi uliporomoka tarehe 5 Oktoba 2015, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa kula mende, vyura na mizizi. Nchi nzima ilishangilia. Mimi naomba tupate kidogo cha furaha ile kwa mtu ambaye hakuanguka kabisa.

Vumbi na zebaki. Kati yetu wapo wauguzi, matabibu na wataalamu wa maabara. Waratibu wa kifua kikuu wa wilaya wapo, na wanahitaji watu wa kuwatangulia kwenye makarasha, kuwashawishi vijana wapime. Kulowesha jiwe kabla na wakati wa kusaga kunapunguza vumbi sana, na kinachohitajika ni pipa, bomba na mtu wa kusimamia. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi, na wajibu wetu ni kusema hivyo waziwazi. Kwa zebaki, kipo chombo cha chuma cha kuchomea kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki tena. Fundi chuma yeyote mzuri akionyeshwa anaweza kukitengeneza. Hapo mhandisi mmoja wa kwetu na fundi mmoja wa Mwakitolyo wakikaa pamoja wiki moja, tumepata biashara na tumeokoa afya.

Vitabu vya vikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinashindwa siyo kwa kukosa nguvu bali kwa kukosa karatasi: katiba, akaunti, andiko, kumbukumbu za mikutano. Mhasibu mmoja hapa, kwa siku nne, anaweza kusaidia vikundi vitano. Mama anayeosha marudio leo anaweza kuwa na mashine ya kukamua alizeti kesho, na alizeti inaota kila mwaka.

Ngitili ya matimba. Duara linahitaji miti ya kuliegemeza, na miti hiyo inatoka kwenye misitu inayopungua. Tunapendekeza kila kijiji kitakachoridhia kitenge eneo, lifungwe kwa kanuni za wazee wetu, livunwe kwa mpango. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji dagashida kukaa.

Kuhusu ukumbi

Ndugu Mwenyekiti, baba zangu, naomba niseme kwa heshima. Lipo pendekezo kwamba michango ya mwaka huu ijenge ukumbi wa chama, na majina ya wachangiaji yachorwe ukutani. Nawaelewa wanaolipenda. Ukumbi unaonekana, na mtu akipita anasema hawa watu wa Mwakitolyo wameendelea. Nami siku moja ningependa kukaa humo.

Lakini nauliza, tukianza na ukumbi, nani atakaa ndani yake baada ya miaka kumi? Kijana mwenye mapafu yaliyofungwa hataweza kupanda ngazi zake. Binti aliyeacha shule kwa ajili ya mwaloni hatasoma majina yetu ukutani. Naomba mkutano upige kura kwamba miaka miwili ya kwanza michango iende kwenye kazi hizi nne, na ukumbi ufuate. Mkikataa, nitachangia ukumbi kama wengine, kwa sababu uamuzi wa mkutano ni uamuzi. Lakini nisingelala vizuri kama nisingesema.

Hesabu ya mikono na mifuko

Sasa tufike kwenye mfuko, kama nilivyoahidi. Wanachama mia moja wakitoa shilingi elfu kumi kila mwezi, ni milioni moja kwa mwezi, milioni kumi na mbili kwa mwaka. Elfu kumi kwa mwezi ni pungufu ya shilingi mia tatu na hamsini kwa siku. Wanachama haohao mia moja wakitoa siku sita tu za mwaka, ni siku 600 za kazi. Ukiondoa Jumapili, hiyo ni karibu miaka miwili ya mtu mmoja aliyesoma, anayefanya kazi kwa ajili ya Mwakitolyo bila mshahara. Hakuna mfadhili atakayetuletea hiyo.

Anayetoa ana haki ya kuona. Ninapendekeza kila shilingi iingie benki kwa stakabadhi, watia saini wawe watatu na mmoja wao awe mkazi wa kule nyumbani, na taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata kila baada ya miezi mitatu, siyo kusomwa hapa mjini peke yake. Mwaka ujao kijitabu kama hiki kichapishe orodha mbili: waliotoa fedha na waliotoa siku. Orodha zote mbili ziwe na herufi za ukubwa uleule.

Kwa wageni wetu ambao siyo wazawa: mkono wenu unapokelewa pia. Kwa wafanyabiashara wa dhahabu mlioko hapa: tunawashukuru kwa kuja, na tutawaandikia. Kwa vijana: msidhani kazi hii ni ya wazee wenye pensheni. Anayejua kompyuta, anayejua kufundisha mpira, anayejua kuandika barua ya Kiswahili safi, anahitajika.

Fomu iko katikati ya kijitabu. Ina sehemu tatu: jina na ujuzi wako, siku unazoweza kutoa na mwezi unaoweza, na kiasi utakachochangia. Ukijaza sehemu moja tu, irudishe hivyohivyo. Katibu yuko mlangoni na kalamu zipo. Safari ya kwanza ya kuorodhesha maduara itapangwa baada ya mavuno, wenyeji wakishakaa na kukubali, na nafasi za gari ni chache, kwa hiyo anayetaka aandike leo.